Mwambie mwanao aanzie Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo sote, mama anakusalimu na anasema umemtupa. Vuli imeanza kwa kishindo, barabara ya Raskazone imejaa madimbwi, lakini joto limepungua na usiku tunalala vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kijana amepewa kazi shuleni, aeleze sababu na matokeo ya mapigano makubwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tayari ameandika Marne, Verdun na Somme, yote ya Ufaransa. Akakuuliza kama huku kwetu kulitokea lolote, ukamwambia, "Muulize mama yako mdogo wa Tanga." Nimeona nisijibu kwa simu, maana jambo hili nikilianza silimalizi. Swali lake limenigusa, nawe unajua kwa nini.

Mwambie aanzie hapa hapa. Jumatatu ya tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia bandarini Tanga. Nyuma yake, mbali kidogo baharini, zilikuwepo meli zilizojaa askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Mjini kulikuwa na askari wachache tu wa Mjerumani. Wangeshuka siku ile ile, mji wangeuchukua kabla ya adhuhuri.

Hawakushuka. Hapo mwanzoni mwa vita wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamepatana na Wajerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe. Kwa hiyo nahodha wa Fox, Francis Caulfeild, akaona haki ni kutoa taarifa kwanza. Akamwita mkuu wa wilaya melini, akampa saa moja ausalimishe mji. Yule bwana akarudi nchi kavu, akapeleka simu ya upepo… hapana, nisimdanganye mtoto: ilikuwa simu ya waya, ile iliyofuata reli hadi Moshi. Kule Moshi ndiko Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alikokuwa na sehemu kubwa ya jeshi lake, akiulinda mpaka upande wa Taveta.

Hapa ndipo pa kumwonyesha mtoto maana ya neno "sababu". Vitabu vingi vitamwambia vita vilianza kwa sababu mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo. Ni kweli, lakini Sarajevo haielezi kwa nini Mhindi wa Kashmir afe kwenye minazi ya Tanga. Sababu ya Tanga ni reli. Reli ya Usambara ilianzia bandarini hapa ikapanda hadi Moshi, ambako ilifika mwaka 1911. Aliyeshika Tanga ameshika mlango wa Kilimanjaro, na Mjerumani wa Taveta alikuwa karibu mno na reli ya Waingereza ya Mombasa na Uganda. Juu ya hayo, Waingereza waliogopa bandari zetu zisije zikawa maficho ya manowari za Kijerumani. Hofu yao haikuwa ya bure: mwezi Septemba manowari yao Königsberg ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza pale pale Unguja.

Na ajabu ni kwamba gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka vita kabisa. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa nchi za bonde la Kongo na jirani zake kukaa kando ya ugomvi wa Ulaya. Lettow-Vorbeck ndiye aliyetaka. Alijua koloni hawezi kuliokoa. Shabaha yake ilikuwa kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje kupambana naye huku, wasiende kupigana Ufaransa. Litafakari hilo, shoga. Nchi nzima ifanywe chambo, na wenye nchi wasiulizwe.

Basi reli ile ile ndiyo iliyomshinda Mwingereza. Wakati Aitken anashusha watu wake usiku kule Raskazone, magari moshi yalikuwa yanateremka kutoka Moshi, kilomita zipatazo 350, yamesheheni askari. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck mwenyewe alizunguka mjini kwa baiskeli kutazama adui amekaa wapi. Mwenzake Aitken hakupeleleza. Watu wake walikuwa wametoka Bombay katikati ya Oktoba, wamebanana melini, wagonjwa wa bahari, na wengi hawajawahi kupigana. Asubuhi wakatembezwa kwenye jua kali kupita mashamba na vichaka. Askari wa Kashmir na wale wa kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire walifika hadi ndani ya mji, hilo tusiwanyime. Lakini upande wa kushoto ulivunjika, na Lettow-Vorbeck akawazunguka hapo hapo akiwa na watu kama 1,000 tu.

Najua kijana atataka nyuki. Kila mtoto wa Tanga anataka nyuki. Ndiyo, risasi zilipasua mizinga, nyuki wakatoka na kuwashambulia watu wa pande zote mbili, na Waingereza wengine waliamini Mjerumani ndiye aliyewatega. Aandike nyuki, ila asiwafanye sababu. Vita vile vilipotea kwa ile saa moja ya Fox na kwa kiburi cha mtu aliyedhani mbele yake hakuna wa kumzuia.

Tarehe 5 wakarudi melini. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walizidi 800. Upande wa Mjerumani waliouawa walikuwa kama 70, mmoja wao Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, aliyekuwa amempiga Mkwawa huko Uhehe miaka ya nyuma.

Sasa sikiliza matokeo, maana hapa ndipo ninapotaka akae kwa muda. Kwa haraka ya kukimbia, Waingereza waliacha ufukweni bunduki 455, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za zamani zenye kutoa moshi mzito. Ukipiga mara moja tu, adui ameshajua umejificha wapi. Zile za Tanga ziliwapa silaha mpya, na ziliwapa moyo. Jeshi lililotarajiwa kumalizwa kwa miezi michache likaendelea kwa miaka minne, hadi tarehe 25 Novemba 1918 liliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimesimama wiki mbili nzima kabla.

Mapigano mengine nitayapita haraka. Januari 1915 walipigana Jasini, mpakani karibu na Vanga. Mjerumani akashinda, lakini alitumia risasi 200,000 na kupoteza maofisa aliowategemea, akapiga hesabu kwamba ushindi wa namna ile haumfikishi mbali. Tangu hapo akaacha kutafuta mapambano makubwa, akawa anapiga na kuondoka. Februari 1916 Waafrika Kusini walishindwa mlima Salaita, karibu na Taveta. Mwezi uliofuata Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, akafungua njia Latema na Reata, Moshi ikachukuliwa. Reli ya kutoka Voi kuja Moshi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Septemba 1916 Dar es Salaam yako ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwezi huo huo jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo, likaingia Tabora. Tabora aipigie mstari. Kwa kuwa walikuwa wameshapita Rwanda na Burundi wakielekea huko, baada ya vita Wabelgiji walipewa nchi hizo mbili. Majirani zetu wamebeba matokeo hayo hadi leo.

Kisha Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917. Siku nne za kupigana ana kwa ana, kati ya Waingereza waliokuwa na askari wengi wa Nigeria, na askari wa Lettow-Vorbeck wapatao 1,500. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya kikosi chao cha karibu watu 5,000. Mjerumani akahesabiwa mshindi, lakini risasi zilikuwa zimemwishia, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kwenda kuwapora Wareno. Vita vikahamia Msumbiji, kwenye vijiji ambavyo havikuwa na habari navyo.

Sasa, shoga yangu, kuna watu ambao sijawataja hata mara moja, na ndio sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Smuts alikuja na farasi. Ndorobo wakawamaliza. Magari yalizama kwenye matope ya masika. Kila kitu, kuanzia unga hadi mizinga, kikabaki kichwani mwa mtu. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25, naye lazima ale, karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, mzigo wenyewe ameshaula karibu wote. Kwa hiyo kila jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli, ndivyo walivyohitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia watu wapatao milioni moja. Hapo sijahesabu wa Mbelgiji wala wa Mjerumani, ambaye mara nyingi hakuandika popote. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya ujira. Wengi walikamatwa mashambani.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa vichomi. Mtu aliyezoea ndizi au muhogo alipewa unga wa mahindi, hana kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva, tumbo likaharibika, na kesho yake abebe tena. Hesabu za Waingereza wenyewe zinakaribia laki moja ya waliokufa upande wao. Kule Ugogo majeshi yalikomba chakula, mifugo na vijana wa kulima. Mvua ziliposhindwa ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, na homa ya mafua ya 1918 ikawakuta hawana nguvu hata ya kusimama.

Wewe umekaa Kariakoo miaka kumi na tisa. Jina hilo ni "Carrier Corps," kikosi cha wapagazi, kama watu walivyolitamka. Kambi yao ilikuwa hapo mnaponunua vitenge. Siku ukimpeleka kijana mjini, msimame kwenye sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini pale juu amesimama askari na bunduki yake. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma taarifa hiyo nililia, nakwambia kweli.

Unakumbuka hadithi ya baba yake babu yangu? Aliondoka Muheza na mzigo wa Mjerumani mwaka 1915, akatoroka, akarudi. Mwaka uliofuata Mwingereza akaja kwa njia ya mto Ruvu, yaani Pangani, hadi Handeni, akamkamata yeye na nduguye. Nduguye alirudi peke yake. Alichosema ni kwamba walikuwa wameshapita Morogoro na mvua ilikuwa haikatiki. Kila mwaka kwenye hitima ya ukoo baba yake babu anasomewa, na kila mwaka wazee wanasita wakifika kwake, maana wenzake wote wana mahali walipozikwa.

Kuna tokeo moja zaidi ambalo waalimu huliruka. Kwa kuwa Mjerumani alinyang'anywa nchi hii, Tanganyika, jina tulilopewa mwaka 1920, ilikuwa amana chini ya Shirikisho la Mataifa, na baadaye Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana mwaka 1955 Nyerere aliweza kusimama New York mbele ya Baraza la Udhamini na kudai nchi. Wenzetu wa Kenya hawakuwa na mlango huo. Kwao, ardhi zaidi iligawiwa askari wazungu waliotoka vitani. Simaanishi kwamba vita vilitufaa. Nasema kijana avute kamba hiyo mpaka mwisho wake, asiishie mwaka 1918.

Desemba akifunga shule mlete. Nitamtembeza kwa miguu kutoka Raskazone hadi stesheni, njia waliyopita watu wa Kashmir, tutoke asubuhi kabla jua halijawa kali.

Barua hii nimeiweka ndani ya mfuko wa machungwa ya Muheza, kondakta anakujua. Chini ya machungwa utakuta kikaratasi nilichokifunga kwenye nailoni kisilowe. Ni jina kamili la babu yule, la baba yake, na la kijiji chake. Kijana akiona inafaa, aliandike kwenye daftari lake.

Mimi shoga yako,
Tanga