Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu wanawake walio ndani ya vikundi vinavyozalisha dawa za kulevya, kwa kuwa ofisi yako ndiyo inayopima mashamba ya afyuni na ya koka, mmea unaotengenezewa kokeini, na kuutangazia ulimwengu hekta zilizolimwa, ilhali wanaoyapalilia hawaonekani vya kutosha katika hesabu hizo.

Mchanjaji wa afyuni hupita shambani alasiri akikwaruza kila tumba kwa kisu, akienda kinyumenyume ili nguo yake isipanguse utomvu, kisha hurejea asubuhi kuukwangua ukiwa umeganda. Katika vilima vya Shan, nchini Myanmar, wanawake ni miongoni mwa wachanjaji. Nchini Colombia wapo wanaochuma koka vidole vikiwa vimefungwa vitambaa, na wapo wanaoamka kabla ya alfajiri kuwapikia wachumaji wote, lakini bei inapopangwa hawapo. Hadhi yao mara nyingi ni ya kuazima kwa mume au kaka, na akiondoka huyo nayo huondoka. Nchini Afghanistan, mkulima aliposhindwa kulipa mkopo aliochukua kwa ahadi ya kuulipa kwa afyuni, wapo mabinti waliokabidhiwa kwa mdai kuwa wake, nao hawakuwa wamekopa chochote.

Magazeti humtaja Griselda Blanco, mlanguzi mkubwa wa kokeini kutoka Colombia, kana kwamba kila mwanamke katika biashara hii ni malkia. Sivyo hata kidogo, na dhana hiyo inawaumiza wengi mahakamani, kwani anayewajua wakubwa ana siri ya kumpa mwendesha mashtaka ili apunguziwe adhabu, lakini mpishi wa kambi hana. Ripoti ya ofisi yako ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba asilimia 35 ya wanawake walio magerezani wamefungwa kwa makosa ya dawa za kulevya, ikilinganishwa na asilimia 19 ya wanaume.

Naomba, Mheshimiwa, tafiti zenu za mashambani ziulize nani alichanja, nani alilipwa na nani anadaiwa, na mikataba ya mazao mbadala iandikwe pia kwa jina la mwanamke anayelima. Aidha, zihimizeni serikali zifuate Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wafungwa, kama Colombia ilivyojaribu kwa sheria yake ya mwaka 2023, inayowaruhusu baadhi ya wanawake wanaotegemewa na familia kuitumikia jamii badala ya kukaa gerezani.

Nasubiri majibu yako.

Wako mwaminifu.