Barua ya wazi kwa Meya wa Grand Rapids: Patrick hakuwa na chama

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu kutoka kwa mkazi wako wa upande wa kusini mashariki ya jiji. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi kabisa, najua itabidi utafute mtu wa kukusomea, na sisi ndo tunavyoishi humu kila siku, barua ya shule mpaka mtoto aisome, barua ya hospitali mpaka mtoto aisome, kwa hiyo naomba mara hii moja na wewe utafute mtu akusomee.

Mi nimezaliwa Fizi, Kivu ya Kusini kule Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, hapa Michigan nimefika 2016 na watoto wawili, wa tatu kazaliwa hapa. Nafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Sina chama. Ninachotaka kuongea ni Patrick Lyoya, maana naona jiji linataka tumsahau na mi siwezi.

Tarehe 4 Aprili 2022, Jumatatu asubuhi, askari wa jiji letu alimsimamisha Patrick, kijana wa Kikongo wa miaka 26, kisa pleti namba haikuwa ya lile gari. Patrick akashuka. Askari akamwambia rudi ndani ya gari, akamuuliza una leseni, akamuuliza unajua Kiingereza? Mheshimiwa, ile video nimeiangalia mara moja tu sijarudia, lakini pale anaposhuka kwenye gari ndo paliponiua, kwa sababu na mimi ningeshuka. Kule tulikotoka afande akikusimamisha unashuka, unamfuata, unamsalimia, unajieleza. Ukibaki umekaa kwenye kiti unamsubiri yeye aje ainame dirishani ni dharau, atakuuliza unajiona nani. Hapa kushuka ni hatari. Nani alishawahi kutuambia? Tulipofika tulifundishwa kutumia jiko la umeme na kupiga 911, hilo la kutoshuka kwenye gari mi nilijifunza kwa kifo cha Patrick.

Yaliyofuata yanajulikana. Alikimbia kidogo, wakashikana, wakagombania ile bunduki ya shoti ya umeme, mwisho Patrick yuko chini kifudifudi, askari juu yake, risasi ikaingia kisogoni. Sitaficha kwamba vipimo vilionyesha alikuwa amekunywa pombe nyingi, na askari alijitetea mahakamani kwamba aliogopa kwa sababu Patrick alishaikamata ile ya shoti. Nayasema yote maana sitaki mtu aniambie nimechagua upande. Ila kijana aliyelewa, gari lenye namba isiyo yake, kwani hayo ni makosa ya kufa? Siku baba yake aliposimama mbele ya waandishi wa habari akaongea Kiswahili, na mkalimani pembeni, mi nilikuwa jikoni nikakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia lugha yetu kwenye taarifa kubwa za Marekani, na ilikuwa inalia. Mama yake alisema walikimbia vita wakidhani wamefika mahali salama. Hakuna familia ya Nyarugusu ambayo haijawahi kusema sentensi hiyo.

Sasa nikuambie ya kazini kwetu. Wiki ile jiji lilipoachia video, tulikuwa chumba cha mapumziko, TV iko juu ukutani, watu wana vyakula vyao mikononi. Kuna mzee mmoja mzungu, mtu mwema kwangu, ndo aliyenifundisha kuendesha kwenye theluji, kuachia breki gari likiteleza. Akasema tu, angetii asingekufa. Kuna jamaa mweusi wa hapa hapa, naye mtu wangu, akasimama akasema nyie mtatumaliza. Basi ikawa kelele, huyu anataja huyu rais yule anataja rais mwingine, mpaka msimamizi akaja akazima TV. Mi nilikuwa katikati yao na chakula changu, ugali na sombe, na katika watu wote wale ni mimi peke yangu ninayeongea lugha ya marehemu, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia akasema pole. Nilichoulizwa jioni ile ni kitu kimoja tu, wewe uko upande gani? Tangu siku ile meza zikagawanyika, wazungu huku weusi kule, sisi Wakongo na Waburundi tukahamia kula kwenye magari yetu. Miaka imepita na wengine bado tunakula kwenye magari.

Kesi nayo unajua ilivyoisha, au niseme haikuisha. Tarehe 8 Mei 2025 raia waliokaa kusikiliza walishindwa kukubaliana, jaji akavunja kesi, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akasema hatairudia. Siku nne tu baada ya hiyo tarehe 8, ndege ikatua karibu na Washington na Waafrikana 59 kutoka Afrika Kusini, wazungu, wamepokelewa kama wakimbizi. Sina chuki nao, wana watoto kama mimi. Lakini mdogo wangu na familia yake wako Nyarugusu, walishafanya interview zote na vipimo vyote, wakawa wanangoja ndege, ikaja amri ya Rais Trump ya kuwafungia wakimbizi mlango, na hiyo amri ilianza kazi rasmi 27 Januari 2025, siku ile ile waasi wa M23 wanaingia mji wa Goma kwetu Kongo. Mdogo wangu alinipigia simu kuuliza, kaka, hivi sisi tumekosa nini? Nilimdanganya kwamba mtandao unakatakata, nikakata simu.

Najua amri hiyo si yako. Nakuandikia wewe kwa sababu moja, kwenye karatasi ya kura jina lako halina chama pembeni. Hapa kwetu siasa zinatupitia kichwani kila baada ya miaka minne, Donald Trump kafunga kampeni zake zote tatu hapa hapa Grand Rapids, na kaunti yetu ya Kent ilimpa yeye 2016, ikampa Biden 2020, ikampa Harris 2024. Yaani tunatafutwa na wote, halafu kura zikishahesabiwa hatujulikani. Wewe huna wa kumwogopa kwenye hilo. Unaweza kusimama ukasema jina la Patrick mbele ya polisi wako na mbele ya mama yake kwa maneno yale yale, bila kubadilisha kutokana na nani anakusikiliza.

Na usiniambie hili ni tukio moja. Desemba 2017 polisi wa jiji hili walimfunga pingu mtoto mweusi wa miaka 11, analia, wakati mtu waliyekuwa wanamtafuta ni mwanamke mzungu mtu mzima. Mtoto wa miaka 11! Huyo hakukimbia, hakulewa, na Kiingereza alikijua kwa sababu ndo lugha ya mama yake.

Mheshimiwa, sisi tumeona nchi ikigawanyika, hatukusoma kitabuni. Kwetu Kivu ilianza hivi hivi, mtu akifa kwanza unauliza ni wa kabila gani ndo ujue kama utalia. Ule msiba ni wa wale, huu ni wa kwetu. Nikisikia watu kazini wanamuongelea Patrick kama goli la timu, mwili unanisisimka, maana sauti hiyo naijua.

Mwanangu mkubwa ana miaka 16, anajifunza kuendesha. Jumamosi huwa tunaenda parking ya kanisa, namkalisha kwenye usukani, najifanya mi ndo askari, nagonga kioo. Mikono juu ya usukani, usishuke, usichukue simu, sema unachotaka kufanya kabla hujafanya. Juzi kaniuliza, baba, na wewe je, ukisimamishwa usiku ukitoka kazini utaelewa anachokuambia? Nikamwambia ndio. Hakuniamini.

Kwa hiyo naomba hivi. Askari wako wafundishwe kwamba mtu kama mimi akishuka kwenye gari anakuja kutoa heshima. Wawe na namba ya mkalimani wa Kiswahili ambayo inapokelewa hata saa nane usiku. Na wewe mwenyewe uje utusikilize, usije na kamera, usije wiki ya uchaguzi. Jumapili ibada inaisha saa saba mchana, tunakaa chini ya kanisa, tunakula pamoja. Mkalimani tunaye, mwanangu atakaa karibu na wewe.

Mkazi wako,
Baba wa watoto watatu, Grand Rapids