Jumamosi Hamm: kabla hujanunua kinyonga

Habari za jioni wanakikundi. Tunakutana mlango mkuu wa maonyesho ya kuuza wanyama watambaao ya Hamm, Ujerumani, saa 3:30 asubuhi. Ukumbi ukishajaa hutamwona hata uliyekuja naye.

Wengi mmeniuliza dume na jike. Kinyonga wa Yemen ni rahisi: tazama kisigino cha mguu wa nyuma. Dume ana kinundu kama punje, tangu anapoanguliwa. Mtego uko kwa yule wa Madagaska, panther. Madume hutofautiana rangi kwa kwao, wa Ambilobe si wa Nosy Be (yote ni maeneo ya Madagaska), ila majike wanafanana wote, kahawia au pichi iliyofifia. Ukiambiwa jike ni "wa Ambilobe", omba picha ya baba yake. Wa pembe tatu ni wetu, wa milima ya Kenya na Meru. Anataka ubaridi usiku, na huzaa, hatagi.

Afya ianzie machoni. Yamedidimia, au kafumba mchana? Mpite, hata akiwa nusu bei. (Mwaka jana nilimhurumia mmoja. Siku 9 tu.) Akishika kidole, usikie mshiko. Chungulia na kinyesi: ile sehemu nyeupe ikiwa rangi ya chungwa, hanywi maji ya kutosha.

Chukueni aliyezaliwa kwa mfugaji, si wa kukamatwa porini, na karatasi zake, maana hawa wote wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Muuzaji akikataa kuandika, ondoka.

Mwenye nafasi garini kutoka Dortmund aniandikie, nina watu wawili.