Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira, tunakushukuru kwa kukubali kuja kufungua maonyesho yetu kuhusu theluji na mabadiliko ya tabianchi.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Tulipoanza kuisoma mada hii, wengi wetu tulidhani kwamba theluji ikipungua, viumbe wa nchi za baridi watapata nafuu. Tulikosea. Theluji laini imejaa hewa, na hewa hiyo huzuia joto la ardhi lisipotee, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Ndiyo maana chini ya theluji nene panya wa porini huendelea kuchimba njia zao na kutafuna mizizi mahali ambapo joto hukaribia nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali hewa iliyo juu yao imeshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Blanketi hilo likiwa jembamba, udongo huganda. Hivyo ndivyo mierezi ya njano ilivyokufa katika eneo la zaidi ya hekta 200,000 kusini-mashariki mwa Alaska: majira ya baridi yamepungua ukali, theluji haitandi ya kutosha, kisha baridi kali ya siku chache tu huja na kuua mizizi yake, ambayo haiendi kina kirefu. Miti hiyo imeuawa na baridi kwa sababu dunia imepata joto, jambo ambalo sisi wenyewe lilituchukua muda kuliamini.

Mvua nayo, ikinyesha mahali palipozoea theluji, huleta maafa. Novemba 2013, katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, mvua ilinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, ikawa gamba gumu ambalo reinidia, wanyama wa jamii ya kulungu, hawakuweza kulivunja kwa kwato. Wapatao 61,000 walikufa njaa huku malisho yakiwa chini ya miguu yao.

Sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini yeye hubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, si joto; theluji ikiyeyuka mapema, hubaki mweupe juu ya udongo wa kahawia, na adui humwona kutoka mbali.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Mezani utaona vipande viwili vya barafu vyenye uzito sawa, kimoja chini ya kitambaa cheupe na kingine chini ya cheusi. Jaribio hili lilitushinda mara ya kwanza, kwa kuwa tulilifanya siku ya mawingu. Juani, kilicho chini ya kitambaa cheusi hutangulia kuwa maji. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, lakini bahari isiyo na barafu hurudisha chini ya asilimia 10. Kwa hiyo kila barafu inapoondoka, joto jingi zaidi huingia baharini, nalo huyeyusha barafu iliyosalia.

Ombi letu ni moja. Kipimajoto tulicho nacho hupima hewa peke yake, nasi tumekwisha kuona kwamba mizizi na panya huishi katika joto lililo tofauti kabisa na la hewani. Tunaomba utusaidie kupata kipimajoto cha kuzika udongoni, ili tuandike vipimo vyote viwili kila asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha.