Mhariri, gofu nayo ina watu wa kuandikwa, huyu Feherty mnamruka kwa nini?

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wa meza ya michezo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naanzaga kurasa za nyuma kama wengi tu, na lawama yangu ni moja, gofu mnaiandika kizembe. Fulani kashinda kwa mikwaju kadhaa, mgeni rasmi alikuwa fulani, wadhamini wameshukuru, imeisha hiyo. Sasa mtu asiyecheza gofu asome hapo ili iweje? Ndo maana mtaani wanasema ule ni mchezo wa wenye vitambi na hauna stori, kumbe stori zipo, tena nyingine unacheka mpaka unashika mbavu na nyingine unaishiwa maneno kabisa.

Nichukue mtu mmoja tu, David Feherty, mchezaji wa zamani aliyegeuka mtangazaji wa gofu kwenye TV. Wenye king'amuzi na moyo wa kukesha usiku kuangalia gofu ya Marekani sauti yake wanaijua, ile lafudhi ya Ireland ya Kaskazini ambayo miaka yote ya kuishi Dallas haijaifuta. Kazaliwa Bangor mwaka 1958, ujanani ndoto yake ilikuwa kuimba opera, akaiacha akaingia gofu ya kulipwa hata miaka 18 hajafika. Kwenye mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya alishinda mara 5, sio haba, ila katika yale mashindano makubwa manne hana hata moja. Yaani kama mngekuwa mnaandika habari zake kwa mtindo wenu wa orodha ya makombe, mistari miwili ingetosha.

Na hata hayo makombe yenyewe hakuyatunza. Mwaka 1986 alishinda Scottish Open pale Haggs Castle, Glasgow, kwa mchujo wa ziada na mmoja wa aliowafunga ni Ian Baker-Finch wa Australia (huyu baadaye walikuja kutangaza pamoja televisheni ya CBS ya Marekani, dunia duara). Basi jamaa akaenda kusherehekea, na mwenyewe husimulia kwamba alikuja kuzinduka siku mbili baadaye kwenye uwanja wa Gleneagles, mbali na Glasgow, pembeni yake yupo mmoja wa mameneja wa bendi ya Led Zeppelin, na kombe halijaonekana mpaka leo. Kombe la Scotland zima! Huku kwetu ukipoteza kikombe cha bonanza la kata unaitwa kwenye kikao na mwenyekiti wa mtaa yupo.

Ila mi ninachompendea sana ni ya Ryder Cup ya 1991, lile pambano la timu ya Ulaya na timu ya Marekani, Kiawah Island, South Carolina. Siku ya kwanza alipangwa upande mmoja na Sam Torrance, wawili kwa wawili, na mkwaju wake wa kwanza wa kusukuma mpira shimoni mikono ilimtetemeka vibaya, mpira haukufika hata karibu. Torrance akamvuta pembeni akamwambia usipojikaza mimi nahamia kwa hao Wamarekani, utacheza peke yako na sisi watatu, na tusi juu. Dawa ikaingia, wakatoka sare. Siku ya mwisho akapangwa dhidi ya Payne Stewart wa Marekani, aliyekuwa ametoka kubeba US Open, moja ya yale makubwa manne, mwaka huohuo, na Feherty akawa anaongoza kwa mashimo manne, akapoteza mawili mfululizo, presha juu, anaelekea shimo la 17 ambalo lina maji hapo mbele, mama mmoja wa ulinzi akamzuia kwa fimbo akidhani ni mtazamaji. Aliyekuja kumtoa hapo ni Stewart mwenyewe, anacheka, anamwambia yule mama ningependa sana umshikilie hapohapo lakini huyu ndo ninacheza naye. Feherty akashinda, timu yake Ulaya ikapoteza kwa pointi moja. Miaka minane baadaye Stewart akafa kwa ajali ya ndege, na kila Feherty anapoisimulia ile habari unamwona kabisa anavyokaza koo.

Sasa hapo ndo penye hoja yangu. Mtu aliyewahi kutetemeka mikono mbele ya watu hawezi kumtangaza mwenzake kwa dharau. CBS walimchukua 1997 akakaa nao mpaka 2015, na kazi yake haikuwa ya kukaa juu ya mnara kwenye kiyoyozi, alikuwa anatembea kwa miguu ndani ya kamba za kuzuia watazamaji, pamoja na wachezaji, mara nyingi kundi la Tiger Woods. Kazi hiyo watu hawaielewi, unaongea kwa kunong'ona maana mchezaji yuko hatua chache na akikusikia kapoteza mkwaju, wewe ndo unayeona mpira umelalaje kwenye nyasi, upepo unatoka wapi, huyu jamaa kabadilisha fimbo mara mbili kwa nini, wale wa juu hawaoni hayo. Alafu katikati ya minong'ono hiyo anaachia neno, kama lile la uchezaji wa Jim Furyk kwamba unafanana na pweza anayeanguka kutoka mtini. Ukimwona Furyk anavyozungusha fimbo utakubali, na ile haikuwa kejeli, Furyk ana US Open yake kabatini.

Na wakati anatuchekesha hivyo mwenyewe alikuwa anazama. Kakiri hadharani, wala sio umbea wangu, kwamba alikuwa anamaliza chupa mbili za wiski kwa siku na vidonge vya maumivu juu yake, na ana ugonjwa wa akili ule wa kupanda na kushuka wanaouita baipola. Aliyemshtua ni Tom Watson, bingwa mkubwa ambaye naye alishapitia pombe akaiacha, alimwangalia tu machoni akajua. Akageukia baiskeli ili kujiweka sawa, mwaka 2008 gari likamgonga hukohuko Dallas, mbavu zikavunjika, pafu likatoboka, mkono wa kushoto haukurudi kama zamani. Na 2017 mwanae wa kwanza alifariki kwa kuzidisha dawa siku aliyotimiza miaka 29. Hili nalo kalisema mwenyewe mbele ya kamera, kwa utulivu, hapo ndo niliposema unaishiwa maneno.

Simpambi, maana mdomo umemponza pia. 2009 aliandika utani kuhusu wanajeshi wa Marekani kuwaua viongozi wa bunge lao, Nancy Pelosi na Harry Reid, utani wa hovyo kabisa, CBS wakajitenga nao na yeye akaomba radhi. Wanajeshi anawapenda kweli, kawafuata mpaka Iraq na kawaanzishia taasisi majeruhi wao, lakini pale alivuka mpaka. Na 2022 alipohamia ile ligi ya LIV ya pesa za Saudi Arabia, wenzake wote wanajiumauma eti tunakuza mchezo, yeye akasema wazi wamenilipa hela nyingi. Unaweza usiipende ile ligi, mi mwenyewe siipendi, ila afadhali huyo kuliko wale waongo.

Kipindi chake cha mahojiano kilichoanza 2011 kilikalisha watu kama Bill Clinton na George W. Bush, na walikuwa wanamfungukia, nadhani kwa sababu yeye alishaanza kufunguka.

Sasa Mhariri, ombi langu. Watu wa aina hii hawapo Dallas tu. Nenda uwanja wowote wa gofu hapa nchini, usikae kwenye kantini na wanachama, kaa kwenye benchi la vijana wanaobeba mifuko ya fimbo. Utawasikia wanavyomtangaza bosi aliyejipiga mchangani mara tatu, kwa sauti ya chini, uso mkavu, kila mmoja ana jina la utani la kila mwanachama na wanajua nyasi za kila shimo zimelalia wapi kuliko hao wenye fimbo. Mi sijawahi kusikia gofu ikitangazwa kwa Kiswahili na sioni sababu. Mashindano yajayo tumeni mwandishi mmoja akae na hao vijana siku nzima, akirudi na mistari mitatu ya matokeo tena, basi mimi gazeti lenu nitaendelea kununua kwa ajili ya mpira tu.

Msomaji wenu,
Morogoro