Asante, kaka wa Wandegeya

Kompyuta yangu ya kuhariria video ilikuwa inajizima na kujiwasha kila nilipopandisha memori hadi megahezi 3600, kasi iliyoandikwa kwenye pakiti yake. Nikiirudisha 2133 inatulia, ila inakokota. Fundi mmoja akaniambia ninunue memori nyingine.

Wewe, kaka wa Wandegeya, Kampala, hukuanza kwa kutaja bei. Ulifungua kasha, ukaona vijiti viwili vya memori vimebanana upande mmoja, ukavihamishia tundu la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa ili vifanye kazi kwa pamoja. Ukaingia kwenye baiosi (sehemu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta), ukawasha XMP, yaani mipangilio ya kasi iliyowekwa na mtengenezaji wa memori, ukahakikisha volti ni 1.35, ukashusha kasi hadi 3200. Hapo wengi wangesema imepona. Wewe ulichomeka flashi yenye MemTest86, programu ya kupima memori, na kuiacha ipime, sisi tukinywa chai (umeme nao, kwa bahati, ulituhurumia). Halikutokea kosa hata moja.

Malipo ulikataa. Ukaniandikia mipangilio yote kwenye karatasi, ili ikifutika kwenye baiosi niirudishe mwenyewe. Mafundi wa Kampala, waandikieni wateja karatasi kama ile.

Kaka, ile video ya harusi imeshamfikia bibi harusi.