Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Magoti kwa Mgeni Rasmi Katika Uzinduzi wa Huduma ya Kubadilisha Goti kwa Msaada wa Roboti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari na wauguzi, ndugu wanakikundi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Kikundi chetu ni cha watu ambao magoti yao yamechakaa kiasi kwamba dawa na mazoezi havitoshi tena. Baadhi yetu tumekwisha kubadilishiwa goti, wengine bado wanasubiri zamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, gegedu inayofunika ncha za mifupa ikiisha, mfupa husagana na mfupa, goti huvimba na kukakamaa, na mara nyingine mguu hupinda. Wapo walioletwa hapa na umri na uzito, wapo wenye baridi yabisi, na wapo walioumia ujanani wakadhani yamekwisha. Anayetutazama kwa mbali huona watu wanaochechemea tu. Haoni kwamba wengine wetu hushuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, wala kwamba goti hutuamsha usiku hata kama mchana kutwa tulikuwa tumekaa.

Kubadilisha goti si jambo la jana. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka goti la pembe ya ndovu, ingawa viungo vyake havikudumu kwa sababu ya maambukizi. Siku hizi ncha ya mfupa wa paja na ya muundi huchongwa na kuvikwa chuma, na katikati hukaa plastiki ngumu inayoteleza. Roboti nayo ilianza kutumika kwa wagonjwa wa nyonga huko California mwaka 1992, kisha ikahamia kwenye magoti.

Tulipoelezwa kwa mara ya kwanza, wengi wetu tuliogopa, tukidhani mgonjwa ataachiwa mashine. Sivyo. Katika mitambo inayotumia picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mfupa kwa pande zote, mgonjwa hupigwa picha kabla ya siku ya upasuaji, na kompyuta huunda umbo la goti lake, ambalo daktari hulitumia kupanga ukubwa wa kiungo na mahali pa kukata. Katika chumba cha upasuaji, pini zenye alama hufungwa kwenye mfupa wa paja na wa muundi ili kamera ifuate kila mguu unaposogea. Daktari hulikunja na kulinyoosha goti, akitazama kwenye skrini upande upi kano zimekaza na upi zimelegea, na hapo ndipo anaporekebisha mpango wake, hata kwa milimita moja, kabla ya kugusa mfupa. Katika mitambo ya aina hii, msumeno huwa kwenye mkono wa roboti, lakini anayeushika na kuusukuma ni daktari. Ukikaribia kuvuka mpaka uliopangwa, mkono ule hukaza au msumeno husimama. Kwa maneno mengine, anayekata ni yuleyule daktari, ila safari hii ana kizuizi kinacholinda mishipa na kano.

Hata siku ya sherehe kama leo, Mheshimiwa, tungependa wagonjwa waambiwe ukweli wote. Imeonekana kwamba roboti husaidia kiungo kikae karibu zaidi na mpango wa daktari. Bado haijathibitika kwamba goti lililowekwa kwa roboti litadumu zaidi, au kwamba mwenye goti hilo atatembea vizuri zaidi baada ya miaka mingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa hudumu miaka 25, na mengi ya hayo yaliwekwa kabla roboti hazijaenea. Aidha, matundu ya pini yanaweza kuambukizwa au, mara chache, mfupa ukavunjika hapo, na timu isiyozoea mtambo hutumia muda mrefu zaidi chumbani. Mgonjwa anayejua haya ataingia kwa moyo mtulivu kuliko aliyeahidiwa muujiza.

Kwa sababu hiyo, ombi letu kubwa halihusu mtambo. Kazi ngumu huanza siku ileile au kesho yake, pale mgonjwa anaposimamishwa na fremu ya kutembelea huku kidonda kikiwaka moto, kisha anaambiwa aweke taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino na kulisukuma goti kuelekea kitandani mpaka linyooke. Asipopata wa kumsimamia katika wiki zile za mwanzo, goti hukakamaa, na usahihi wote wa roboti haumsaidii kitu. Tunaomba waajiriwe wataalamu wa tiba ya viungo wa kutosha, na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani bila ratiba ya mazoezi na tarehe za kurudi kliniki. Tunaomba pia mafundi wafunzwe kuutunza mtambo, ili ukiharibika wagonjwa wasirudishwe mlangoni, na madaktari waendelee kufanya mazoezi ya upasuaji wa kawaida, kwa kuwa mtambo unaweza kugoma katikati ya kazi. Kuhusu gharama, tunaomba bima zijadiliwe mapema. Mtambo wa kuhudumia wenye uwezo peke yao utawaacha nje wengi wa wanakikundi hawa unaowaona mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.